UZI: Maziwa ya mama pekee miezi sita. Tanzania tumefika 64%, Kenya imegota, Rwanda inateremka. Tuongee ukweli

Nesi wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko kliniki ya mama na mtoto mwaka wa kumi na tisa sasa, kanda ya ziwa. Kila Agosti mosi mabango ya wiki ya unyonyeshaji yanapanda, tunaimba, fulana zinagawiwa, tarehe saba mabango yanashuka. Leo naomba tuongee bila fulana.

Tuanze na takwimu maana najua humu watu hawaamini kitu mpaka waone namba. Tanzania, watoto walio chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya mama tu, bila maji wala uji: utafiti wa taifa wa afya wa 2004-05 walikuwa 41%, 2010 wakafika 50%, 2015-16 ikawa 59%, na 2022 ni 64%. Mstari unapanda tu kama mlima Hanang. Kenya wao walikuwa 13% mwaka 2003. Kumi na tatu! 2008-09 wakafika 32%, 2014 wakaruka hadi 61%, halafu 2022 wakabaki 60%. Rwanda walishakuwa juu zamani, 88% mwaka 2005, sasa wanateremka polepole, 2019-20 walikuwa 81%. Burundi wametoka 69% mwaka 2010 wakapita 80% kwenye utafiti wa 2016-17. Kongo ya Kinshasa walikuwa 48% mwaka 2013-14. Dunia nzima kwa jumla ni 48%, na lengo la Shirika la Afya Duniani lilikuwa angalau 50% ifikapo 2025.

Kwa hiyo kwenye karatasi sisi ni wanafunzi wazuri. Ila nina dukuduku.

Wiki iliyopita kaja mama, mtoto wa miezi mitatu na nusu, mnene, kadi inapendeza. Nikamuuliza kama kawaida, anakula nini huyu? Akajibu haraka haraka, "Ziwa tu nesi." Nikampakata mtoto nimpeleke kwenye mzani, akacheua begani kwangu. Uji. Uji wa mahindi, na chachu inanukia kabisa. Nikamtazama mama, mama akatazama dirishani.

Sikumgombeza. Ila nilijiuliza, yule angeulizwa na dada wa utafiti mwenye kishikwambi angejibu nini? Si "ziwa tu"? Miaka kumi na tisa nimewafundisha kina mama jibu sahihi. Sina hakika nimewafundisha kunyonyesha.

Karibuni.

Kibajaji

Natanguliza kiti. Wajuzi mtiririke.

Mzee wa Takwimu

Mleta mada umegusa penyewe, ila kuna jambo kubwa kuliko uongo wa mama. Ni kipimo chenyewe.

Watu wakisikia 64% wanadhani watoto 64 katika 100 wamekaa miezi sita yote bila kuonja kitu. Hapana. Mtafiti anachukua watoto wote ambao siku hiyo wana umri chini ya miezi sita, anauliza jana mchana na usiku kapewa nini. Basi. Mtoto wa siku kumi na mtoto wa miezi mitano na nusu wanatiwa kapu moja. Na yule wa siku kumi aliyelishwa maji ya sukari siku ya kwanza, jana akanyonya tu, naye anahesabiwa kuwa ananyonya pekee.

Pasua hilo kapu uone. Utafiti wetu wa 2015-16: watoto wa mwezi 0 hadi 1 walikuwa 84%. Wa miezi 2 hadi 3, 59%. Wa miezi 4 hadi 5, 27%. Soma tena hiyo ya mwisho. Wastani ukatoka 59% tukapiga makofi, kumbe wanaokaribia mwisho wa safari ni robo tu na kidogo.

Kenya 2014 mteremko ulikuwa huo huo ila wa taratibu: 84, 63, 42. Wastani wao na wetu ulikaribiana sana, lakini kwenye mwezi wa nne na wa tano walituacha mbali.

Nesi wa Zamu

Mzee wa Takwimu, asante, hiyo ndiyo kauli niliyokuwa naitafuta. Mimi naiona kwa macho. Chanjo ya wiki ya sita wako vizuri. Wiki ya kumi wanaanza "anakunywa maji kidogo tu, joto." Wiki ya kumi na nne uji umeshaingia nyumbani.

Wuod Nam

Niko Kisumu, niliwahi kujitolea kama mhudumu wa afya wa jamii. Msituonee wivu sana ndugu zetu. Kuna utafiti ulifanywa Korogocho na Viwandani pale Nairobi, ukachapishwa 2011. Hao hawakuuliza ya jana, walifuatilia watoto. Waliomaliza miezi sita kwa maziwa ya mama pekee walikuwa kama 2% tu. Wakati ule ule hesabu ya taifa ilikuwa inasema 32%. Najua vipimo si sawa na mtaa wa mabanda si nchi nzima, lakini pengo hilo si la mchezo.

Na sababu hazikuwa za ujinga. Mama anafua nguo za watu, analipwa kwa siku. Akikaa nyumbani hali. Asipokula anaamini hana maziwa. Mtoto wa wiki sita anaachiwa jirani anayeangalia watoto wanane kwenye chumba kimoja, kila mmoja na chupa yake. Huyo utamwambia nini kuhusu miezi sita?

Kilichotusukuma kutoka 32 hadi 61, kwa maoni yangu, ni mambo kadha wa kadha pamoja. Wanawake wengi zaidi walianza kuzalia hospitalini, sisi wa jamii tukafundishwa kutembelea nyumba kwa nyumba, na sheria ya kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo ikapita 2012. Kabla ya hapo ungekuta kalenda ya kampuni ya maziwa ya kopo imebandikwa ukutani mle mle wodi ya wazazi. Sasa tumegota kwa sababu waliobaki ni wale ambao neno tupu haliwafikii. Sheria ya afya ya 2017 inasema kazini pawe na chumba cha kunyonyeshea. Mama mboga ana chumba gani? Ana mwavuli.

Chake Kando

Assalaam alaykum. Na sie wa visiwani mututaje japo kidogo, maana kwenye hili tuko nyuma ya bara kwa mbali, na sioni haya kusema.

Kwetu mtoto akizaliwa hufanyiwa tahniki, tende kidogo inatafunwa anapakwa kaakaani. Hiyo ni sunna na sina ugomvi nayo, ni mpako wa ncha ya kidole. Ugomvi wangu ni msafara unaofuata nyuma ya tende. Bibi analeta asali alambe. Shangazi analeta maji ya uvuguvugu "kumsafisha tumbo". Jirani ana dawa ya chango. Mpaka dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa ya mama, inaanza kutoka vizuri mtoto ana vitu vitatu tumboni na hana hamu ya ziwa. Mama naye yuko arubaini, kalala, anakandwa, hana sauti ndani ya chumba kile. Anayeamua ni mkongwe.

Kwa hiyo mnapomuuliza mama "unampa nini", muulizeni na mama mkwe.

Nesi wa Zamu

Chake Kando, wa alaykum salaam. Asali naomba niikazie hapa: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao tumbo la mtu mzima linawamudu, la mtoto mchanga haliwamudu, na sumu yao inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Si jambo la kila siku, lakini likitokea ni zito.

Na hiyo dang'a ya watu wa kale, ile ya njano, nzito, wengine hadi leo wanaikamua wanaimwaga wakidhani ni usaha. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo kama gololi. Hakuna kilichopungua hapo.

Kibajaji

Swali la kijinga kidogo. Mimi niko Dar, mwezi wa pili hapa hata feni inatoa jasho. Mtoto asipewe maji kweli? Mi mwenyewe nakunywa lita tatu.

Nesi wa Zamu

Si la kijinga, ndilo swali namba moja kliniki. Maziwa ya mama karibu 88% ni maji. Yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi, ndiyo yanayokata kiu. Siku ya joto mtoto ananyonya mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi, hapo anakunywa maji yake. Wa kupewa maji ya ziada ni mama. Na kila kijiko cha maji unachompa mtoto kinachukua nafasi ya maziwa, na kama maji si salama umemletea kuhara.

Hii ya maji ndiyo iliyowaweka chini wenzetu wa Afrika Magharibi. Nijeria walikuwa 17% mwaka 2013, wakafika 29% mwaka 2018, na shida yao kubwa si kwamba hawanyonyeshi. Wananyonyesha sana. Ni maji juu ya ziwa.

Shemeji wa Taifa

Mimi nina wazo tofauti na mtaniponda. Wazazi wetu walitupa uji miezi miwili na tuko hapa tunaandika. Hizi namba ni za wafadhili.

Mzee wa Takwimu

Shemeji, tuko hapa sisi tuliobaki. Wale ambao hawakubaki hawana akaunti humu.

Kibajaji

🔥 Hii nimeisevu.

Buyenzi Moja

Salamu kutoka Bujumbura. Mmetaja Burundi imepita 80%, nikafurahi, halafu nikakumbuka jambo nikanyong'onyea. Utafiti ule ule wa 2016-17 ulikuta watoto 56% chini ya miaka mitano wamedumaa. Zaidi ya nusu! Sasa mwenye akili atauliza, kama watoto wetu wananyonya vizuri kuliko wa Tanzania, mbona wanadumaa kuliko wa Tanzania?

Huku kwetu wengi wako vijijini, mama yuko shambani na mtoto yuko mgongoni. Hakuna pesa ya maziwa ya kopo, hakuna ofisi ya kurudi. Kunyonyesha si kampeni, ndiyo maisha. Mwezi wa saba ndipo kesi inapoanza: mtoto anahitaji yai, dagaa, maharage, mafuta, na nyumbani kuna muhogo.

Nesi wa Zamu

Buyenzi Moja umenena. Miezi sita ya ziwa inamvusha mtoto kwenye kuhara na nimonia, haimlishi mwezi wa nane. Kuna maofisa nimewasikia wanaongea kana kwamba ziwa likitengemaa udumavu umekwisha. Sisi wenyewe 2022 tulikuwa 64% ya kunyonyesha pekee na bado watoto 30% wamedumaa.

Ila kwa Rwanda naona kitu kingine. Wanavyoteremka kutoka 88 hadi 81 si kwamba wamesahau. Mji unakua, ajira zinaongezeka, na ajira ina saa za kuingia na kutoka. Ghana ilishawahi kufika 63% mwaka 2008, miaka sita baadaye wakawa 52%. Namba hii haina kufuli. Nchi ikianza kupata mishahara bila kupanga mtoto atakaa wapi mchana, inarudi chini. Mimi hiyo ndiyo hofu yangu kwa Tanzania, kuliko hata bibi na uji wake.

Mama Wawili Kibaha

Jamani na mimi niseme la moyoni. Mtoto wangu wa kwanza nilimpa uji miezi mitatu kwa sababu alikuwa analia kila jioni, saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku. Mama mkwe akasema maziwa yako mepesi, hayashibishi. Nikaamini. Nilikamua kwenye glasi nikatazama, kweli mepesi, ya kibluu. Nikalia.

Wa pili nikakutana na nesi mmoja mtaratibu akaniambia jioni watoto wengi wanalia na kutaka ziwa mfululizo, na ndivyo wanavyoagiza maziwa ya kesho. Ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Nikimpa uji, atanyonya kidogo, kesho litatoka kidogo, mama mkwe atasema nilikwambia. Akaniambia nihesabu nepi. Mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na kadi inapanda? Anashiba huyo. Nilimaliza miezi sita na ushee.

Kibajaji

Halafu kuna lile la kubemenda. Mnaliruka au mnaliogopa?

Mama Wawili Kibaha

Ulikuwa umetulia sana leo, nilijua utalileta.

Nesi wa Zamu

Silikwepi. Wazee waliposema baba akikutana na mama anayenyonyesha anamharibia mtoto maziwa, walikuwa wanaona jambo la kweli wakalipa sababu nyingine: mimba ya haraka. Mama akishika mimba mtoto ana miezi minne, mara nyingi aliachishwa ziwa kesho yake, na mtoto akasinyaa kweli. Tendo lenyewe haliharibu maziwa. Njooni kliniki tupange uzazi. Shida ni kwamba kuna kina mama wanamwachisha mtoto mapema ili ndoa iendelee, na hilo dodoso halina kisanduku chake.

Wuod Nam

Nesi, na wenye virusi? Huku kwetu hilo liliacha kovu.

Nesi wa Zamu

Hata huku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tunamwambia mama mwenye VVU achague, kopo kama analimudu na maji ni salama, au ziwa. Wengi walifanya vyote viwili, na kuchanganya ndiko kulikoonekana kuambukiza zaidi kuliko ziwa peke yake. Tangu mwongozo wa 2010 mambo yamenyooka: mama anameza dawa zake kila siku, ananyonyesha pekee miezi sita. Lakini mtaani bado mama akinyonyesha hadharani wanamtazama, asiponyonyesha wanamtazama vilevile.

Binti Mbagala

Samahani kuingilia, mimi ni msomaji wa kimya. Mtoto wangu ana wiki kumi. Siku 84 zangu za likizo ya uzazi zinaisha baada ya wiki mbili narudi kazini, ofisi iko Posta. Toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kurudi saa moja usiku. Mama yangu mzazi atakuja kukaa na mtoto, na ameshasema "tutamwanzishia kauji kepesi." Nifanyeje? Maana nikisoma humu naona mimi siingii kwenye ile 27%.

Mzee wa Takwimu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ila Posta hadi Mbagala saa mbili ni za kwenda tu. Omba uzichukue mwisho wa siku utoke mapema, au uzigawe ukamue. Andika barua, usiombe kwa mdomo.

Nesi wa Zamu

Binti, una wiki mbili, zinatosha. Anza leo kukamua asubuhi baada ya mtoto kunyonya. Nawa mikono, kanda ziwa taratibu, dole gumba juu na vidole chini nyuma ya ile duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani ndipo ubane. Usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata kifuniko cha soda, usikate tamaa. Tia kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, andika tarehe na saa. Kwa joto la Dar hesabu saa nne tu nje ya friji. Kwenye friji siku nne. Kazini beba kiboksi cha barafu, mpaka jioni yako salama. Kupasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji moto, yasichemshwe jikoni.

Mama alishe kwa kikombe au kijiko, chupa iacheni. Usiku lala naye karibu anyonye anavyotaka, usiku ziwa linatengeneza sana. Na dawa aliyoandikiwa na daktari, au maji ya chumvi chumvi akiharisha, haviharibu hesabu, usiogope.

Kuhusu mama yako, usibishane naye. Mlete kliniki. Nimeona bibi akielezwa na nesi mwenye mvi kama zake anakuwa askari mkali kuliko mama.

Chake Kando

Na mwambie yeye ndiye mwenye funguo ya friji. Mkongwe akipewa cheo, kazi imekwisha.

Binti Mbagala (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Nimeanza kazi Jumatatu. Barua ya saa mbili niliandika, nikaambiwa "tutaiangalia". Chumba hakuna, nakamulia stoo, nimekaa juu ya boksi za karatasi za kuchapia, simu nimeiegemeza ukutani naangalia picha ya mtoto ili yatoke. Siku ya kwanza nililowa blauzi kwenye kikao, nikajifunika faili.

Mama nilimpeleka kliniki. Jana kanipigia saa sita mchana, "Ameshakunywa, amelala." Nikamuuliza umetumia kikombe? Akasema, "Kijiko. Anayavuta kama mzee na kahawa yake, halafu ananitazama nikichelewa kuleta kingine." Uji hajautaja tena.

Nesi wa Zamu

Umenifurahisha sana. Unakamua mara ngapi kwa siku?

Binti Mbagala

Nilipanga tatu. Nafanikiwa mbili, ya tatu kila siku kuna mtu anakuja stoo kutafuta karatasi.

Nesi wa Zamu

Kesho karatasi ziwekee mlangoni kabla hujaingia.